SIHA YA NYUMBANI: KISUNZI SI UGONJWA MMOJA



Mwezi uliopita tulinena habari za moshi wa jikoni na macho ya watoto, tukaahidi kwamba mwezi huu tutanena juu ya kisunzi, ambacho wengi hukiita kizunguzungu. Wako waliotuuliza, “Dawa ya kizunguzungu ni ipi?” Twawajibu tangu mwanzo, ili mtu asisome ukurasa huu hata mwisho akitafuta jina la kidonge: dawa moja ya kizunguzungu haiko. Maana kizunguzungu si ugonjwa. Ni dalili, kama moshi ulivyo dalili ya moto. Mtu aonapo moshi hamwagi maji juu ya moshi. Huuliza kwanza ni nini kinachoungua.

Tuna sababu ya kuandika haya, nayo si ya kujisifu. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa kiangazi, baba yetu mdogo alirudi asubuhi kutoka mferejini, siku ya zamu yake ya maji. Alipofika uani alisema, “Dunia yanizunguka,” akashika mti. Tulimwona akienda kama mlevi, naye hakuwa mtu wa pombe, na maneno yake yalikuwa mazito mdomoni. Sisi tukasema, Ni jua hilo, tena hajala. Tukamlaza kivulini, tukampa chai yenye sukari nyingi. Mama mdogo alisema mara mbili, “Lakini tazameni mdomo wake.” Tukamjibu, “Tulia, mama, atapata nafuu.” Usiku upande mmoja wa mwili ulikufa, asubuhi hakuweza kunena wala kumeza vema. Aliishi miaka miwili baada ya siku ile, akilishwa kwa mkono wa mkewe, wala hatukumsikia tena akiita jina la mtu.

Kosa lile ni letu. Hatusemi kwamba angalipona kabisa kama tungalimpeleka hospitali saa ile ile. Jambo hilo hapana ajuaye. Lakini hatukuuliza, wala hatukutazama, na yeye aliyetazama hatukumsikiliza.

Tamaa ya dawa moja

Sisi wa tarafa ya Sale twaijua vema tamaa ya mgonjwa. Mwaka 2011 njia za kwetu zilijaa magari. Watu walitoka pande zote za Tanzania, na Kenya, na nchi nyingine, wakija kijijini Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, dawa iliyochemshwa kutoka mizizi ya mti uitwao mugariga, kwa bei ya shilingi 500. Mchungaji huyo alifariki mwaka 2021, wala si nia yetu kumhukumu. Twataja habari hizi kwa sababu moja tu: kikombe kilikuwa kimoja kwa watu wote, awe mwenye kisukari, awe mwenye presha, awe mwenye pumu. Na hiyo ndiyo tamaa ya kila mgonjwa popote alipo: apewe kitu kimoja, asiulizwe maneno mengi, arudi kwake. Tamaa hiyo haikuanza Samunge, wala haikuishia huko. Twaiona hata leo katika duka la dawa, mtu akisema, “Nipe cha kizunguzungu,” naye akapewa, akalipa, akaenda zake.

Hata wenye elimu walikosea zamani. Matabibu wa Ulaya walidhani kwa muda mrefu kwamba kisunzi chatoka katika ubongo uliojaa damu, nao waliwatoa wagonjwa damu. Mwaka 1861 tabibu Prosper Ménière, aliyewatunza viziwi katika mji wa Paris, alionyesha kwamba kisunzi chaweza kutoka katika sikio la ndani. Baadaye tabibu Robert Bárány wa mji wa Vienna alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji. Mgonjwa mmoja akalalamika kwamba maji ni baridi mno, na kisunzi kimemshika. Mara nyingine maji yakawa ya moto mno; kisunzi kikaja tena, lakini macho yakacheza kuelekea upande wa pili. Mwingine angalimwambia mgonjwa anyamaze. Bárány alisikiliza, akapima, akagundua namna sikio liongozavyo usawa wa mwili. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari ya tuzo ilimfikia akiwa mateka wa vita katika nchi ya Urusi.

Basi, yeye aliyepata heshima hiyo aliipata kwa kuyajali maneno ya mgonjwa. Jambo hilo hata sisi tusio matabibu twaliweza.

Maswali matatu

Mtu wa nyumba yako akisema ana kisunzi, usimwulize tu ni kisunzi cha namna gani, maana wagonjwa hushindwa kukieleza, na jibu la leo si la kesho. Mwulize hivi:

Kwanza, kinakuja unapofanya nini?
Pili, kinakaa muda gani?
Tatu, kinakuja pamoja na kitu gani kingine?

Kinachokuja mtu ajigeuzapo kitandani, au atazamapo juu, na kukoma kabla ya dakika moja kwisha, mara nyingi chatoka katika sikio. Kinachokuja mtu asimamapo kutoka kitandani au kitini, macho yakaingia giza, mara nyingi ni cha damu: imeshuka nguvu yake, au ni pungufu mwilini. Kinachokuja kwa ghafula na kukaa siku nzima, au siku mbili au tatu, pasipo kukoma, chaweza kuwa uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio. Lakini chaweza pia kuwa kiharusi, na kwa hiyo ni lazima tabibu akione siku hiyo hiyo. Na kinachorudi mara kwa mara kwa saa kadhaa, pamoja na sikio kuvuma na kutosikia vema, ndicho kile alichokieleza Ménière.

Mifereji ya sikio

Mama mmoja wa usharika wetu, mjane aliyepita miaka sitini, alishikwa na kisunzi usiku. Kila alipogeukia upande wa kuume nyumba yote ilizunguka, naye akatapika. Akaogopa kulala. Kwa muda wa wiki sita alilala ameketi, mgongo ukiegemea ukuta. Akaacha kwenda shambani, na zamu yake ya maji ikachukuliwa na wengine. Majirani walinong’ona kwamba ametazamwa kwa jicho baya. Duka moja lilimwuzia vidonge vya presha pasipo kumpima, navyo vikamwongezea kisunzi cha pili, kile cha kusimama. Alituambia, “Mwalimu, heri kufa kuliko kuogopa kitanda.”

Tabibu kijana wa zahanati ndiye aliyemwuliza maswali yale matatu. Kisha akamketisha kitandani, akageuza kichwa chake upande wa kuume, akamlaza chali kwa haraka, kichwa kikining’inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda. Mama akapiga kelele, na sisi tuliokuwapo tuliona macho yake yakicheza yenyewe. Tabibu akasema, “Ndicho hiki,” kana kwamba amekutana na mtu amjuaye.

Maana katika sikio la ndani, kila upande, mna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama nusu ya pete, nayo imejaa maji. Mtu ageuzapo kichwa, maji yale husukuma vinyweleo vidogo, navyo hupeleka habari kwa ubongo kwamba kichwa kimegeuka. Karibu nayo kuna chumba chenye vichembe vya chokaa, vidogo sana, vinavyotusaidia kujua juu na chini. Kwa uzee, au kwa kupigwa kichwani, au pasipo sababu ijulikanayo, vichembe vyaweza kubanduka na kuingia mferejini. Sisi tulimao kwa mifereji twajua: jiwe likiwa mahali pasipo pake, maji huenda pasipopangwa. Ndivyo na sikio. Mtu ajigeuza kidogo tu, lakini vichembe vyavuta maji, na ubongo wapata habari kwamba anazunguka kama pia.

Dawa yake si kidonge. Ni kuvirudisha vichembe chumbani kwa kugeuza kichwa. Tabibu John Epley wa Marekani aliieleza njia hiyo kwa maandishi mwaka 1992, baada ya miaka ambayo wenzake wengi waliidharau kwa kuwa yaonekana nyepesi mno. Kwa sikio la kuume hufanywa hivi. Mgonjwa aketi kitandani, kichwa kimegeuzwa nusu upande wa kuume. Alazwe chali upesi, kichwa kikining’inia kidogo. Angoje hata kisunzi kiishe, kama nusu dakika au zaidi. Kichwa kigeuzwe polepole hata kifike nusu ya upande wa kushoto, angoje tena. Kisha ajigeuze mwili wote alalie bega la kushoto, uso ukielekea sakafu, angoje tena. Mwisho aketi polepole. Kwa sikio la kushoto, pande zabadilishwa.

Twaandika haya ili muweze kumwuliza tabibu, wala si ili kila mtu amgeuze jirani yake shingo. Kwanza mgonjwa apimwe, ijulikane ni sikio lipi. Na mwenye ugonjwa wa shingo, au aliyeanguka karibuni, au mwenye dalili za kiharusi, asifanyiwe. Mama yule alifanyiwa mara mbili siku ile. Usiku wake alilala chali. Asubuhi alikuja kwetu kwa miguu, akasema, “Wiki sita nimelala kama kuku juu ya kijiti, na dawa ilikuwa kugeuzwa tu!” Yafaa kusema pia kwamba kisunzi cha namna hii chaweza kurudi baada ya miezi, kikirudi, hutibiwa vivyo hivyo.

Kisunzi cha damu, cha chakula na cha dawa

Mwenye giza la macho asimamapo, apimwe presha mara mbili: kwanza akiwa amelala dakika tano, kisha akiwa amesimama, baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, sababu imeonekana. Huenda amekosa maji, ameharisha, amepoteza damu, au vidonge vyake vya presha ni vingi mno. Asiviache kwa shauri lake mwenyewe, maana kuacha ghafula kwaweza kuleta kiharusi. Arudi kwa tabibu apunguziwe. Wakati huo ajifunze kuamka kwa vituo: aketi kwanza kitandani, ahesabu hata 60, ndipo asimame.

Tazameni kope za chini kwa ndani. Zikiwa nyeupe, damu ni pungufu. Huenda ni malaria, au minyoo ya safura, au mimba, au hedhi nyingi. Mwanamke aliyekosa hedhi, akipata maumivu ya tumbo la chini pamoja na kisunzi, apelekwe hospitali mara moja. Huenda mimba imetunga nje ya mahali pake, na damu inavuja ndani. Mwenye kisukari aliyekunywa dawa yake asile chakula, akatoka jasho na kutetemeka, apewe sukari upesi ikiwa aweza kumeza.

Dawa nyingine huleta kisunzi zenyewe. Kwinini huvumisha masikio na kuzungusha kichwa. Sindano za streptomaisini, zilizotumika sana zamani kwa kifua kikuu, na za jentamaisini zitumikazo hata leo, zaweza kuharibu kiungo cha usawa katika sikio. Mtu anayechomwa sindano hizo, akianza kuyumba au kusikia vibaya, amwambie tabibu siku hiyo hiyo, wala asingoje dozi iishe.

Na vile vidonge vya dukani vya kutuliza kizunguzungu, kama sinarizini, hufaa siku chache tu za kwanza. Mtu akivila miezi mingi, ubongo huchelewa kujifunza upya usawa wake, na kwa wazee vyaweza kuleta kutetemeka kwa mikono. Ubongo hujifunza kwa mwendo. Katika miaka ya 1940 Cawthorne na Cooksey wa Uingereza waliwafundisha wagonjwa wa kisunzi mazoezi, badala ya kuwaacha vitandani. Kwa mfano, mtu anyoshe mkono, akaze macho juu ya kidole gumba chake, ageuze kichwa kushoto na kuume, kwanza polepole, kisha upesi zaidi. Au asimame karibu na ukuta, miguu pamoja. Kisha atembee akigeuza kichwa huku na huku, mwenzake akiwa kando yake. Mara ya kwanza kisunzi huongezeka. Baada ya siku nyingi hupungua.

Saa ya kukimbia

Sasa twafika katika neno tulilolitaka zaidi. Kisunzi kikija kwa ghafula pamoja na lolote katika haya, msilaze mtu kivulini:

mdomo umeenda upande;
mkono au mguu umelegea;
maneno yamekuwa mazito, au hameza vema;
aona kitu kimoja kuwa viwili;
hawezi kusimama wala kuketi pasipo kushikwa;
kichwa chauma kuliko alivyopata kuumwa;
amezimia, au kifua chauma, au moyo waenda mbio pasipo mpango;
ana homa na shingo imekuwa ngumu.

Tafuteni gari au pikipiki. Ikiwa ni pikipiki, mtu mwingine aketi nyuma amshike. Msimpe chakula, wala maji, wala chai, maana koo lake huenda limelegea, na kitu chaweza kuingia mapafuni. Tena chai yetu tuliyompa baba mdogo twaikumbuka hata leo. Pelekeni vidonge vyote anavyotumia. Andikeni saa kisunzi kilipoanza, maana hilo ndilo swali la kwanza la hospitali. Kutoka vijiji vyetu mpaka Wasso ni mbali, na wengine wako mbali zaidi. Ndiyo sababu saa moja ya kungoja nyumbani ni ghali kwetu kuliko kwa watu wa mjini.

Kwa walimu

Ninyi walimu, mtoto akianguka mstarini asubuhi, msimwite mvivu wala msimchape. Mwulizeni amekula nini tangu jana, na ametembea umbali gani. Mlazeni mahali pa baridi, miguu imeinuliwa; akiamka sawasawa, apewe maji na uji. Yeye azimiaye tena na tena, au azimiaye akiwa anakimbia, apelekwe kupimwa moyo. Yeye atetemekaye mwili wote, akauma ulimi na kuamka amechanganyikiwa, huenda ana kifafa. Kifafa kina dawa, wala hakiambukizi, na mtoto huyo asifukuzwe shule. Na yeye ambaye sikio lake latoka usaha, naye ayumba, asingoje, maana ugonjwa umekaribia sikio la ndani.

Nyumbani, mwenye kisunzi asipande mti kutungika wala kurina mizinga, asivuke mfereji usiku peke yake, wala asiachwe peke yake penye moto. Kikimshika njiani, aketi chini hapo hapo. Aibu ya kuketi vumbini ni ndogo kuliko mfupa wa nyonga uliovunjika.

Twawaomba mkate orodha ile ya saa ya kukimbia, mwibandike ukutani karibu na mlango, mahali ambapo hata mgeni ataiona. Na mtu wa nyumba akisema, “Tazameni mdomo wake,” basi tazameni, awe ni mtoto, awe ni mama aliyeketi jikoni.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena habari za masikio ya watoto yatokayo usaha.